UZI: Bastola ya kwanza ya mashindano, na mahali hoja ya bunduki hutupotezea njia

1/
Msimu wa siasa ukikaribia, hoja ya bunduki hurudi. Mmoja anasema raia wote wanyang'anywe, mwingine anasema kila mwenye boma apewe. Wiki hii nimeletewa swali dogo zaidi, na limeletwa na watu wanne, watatu wa hapa Kangundo na mmoja wa Tala: "Nataka kuingia mchezo wa kulenga shabaha. Ninunue bastola gani ya kwanza?" Nitalijibu. Lakini huwezi kulijibu bila kupitia siasa yake, kwa hivyo kaeni mkao wa kusoma.

2/
Sheria za huu ukurasa mnazijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiandika "lakini yule wenu alifanya hivi", nitapita tu kama sijaona. Hapa tunafungua hoja, tunaangalia ndani kuna nini, kila mtu anaenda kupiga kura na akili zake.

3/
Tuanze na neno moja linalochanganya watu: HAKI. Ukiangalia filamu na mijadala ya Marekani utadhani kuwa na bunduki ni haki ya kila raia. Kule iko kwenye katiba yao tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Ina haki ya kuishi (kifungu cha 26) na haki ya usalama wa mtu (kifungu cha 29). Bunduki Kenya ni RUHUSA. Unapewa, na unaweza kunyang'anywa. Mgombea akikuambia jukwaani "ni haki yako ya kikatiba", muulize ni kifungu gani.

4/
Ruhusa hiyo inatoka kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mizizi yake ni miaka ya 1950, enzi za mkoloni na hali ya hatari. Imerekebishwa mara nyingi. Marekebisho ya 2014 ndiyo yaliyoleta Bodi ya Leseni za Silaha, kwa hivyo si OCS wa mtaani kwenu anayeamua. Kushika bunduki bila cheti ni kosa la jinai na watu hufungwa. Hata kama ni ya marehemu mzee na ilikuwa tu imewekwa darini.

5/
Mambo makubwa ambayo sheria inataka yaridhishe anayetoa cheti ni mawili. Kwanza uwe na SABABU NZURI ya kutaka silaha. Pili uwe mtu wa kuaminika nayo, yaani akili iko sawa, ulevi haujakushinda, rekodi yako ni safi. Ndiyo maana utatakiwa cheti cha maadili mema kutoka DCI, uchunguzwe afya ya akili, na uonyeshe umefundishwa kuitumia. Cheti kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi. Na kinahuishwa kila mwaka, si cha maisha.

6/
Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wote wenye leseni wajitokeze wakaguliwe upya. Hata waheshimiwa, hata matajiri. Wapo waliolia kwamba ni siasa, wapo waliosema imechelewa. Mimi nasema hivi: ruhusa isiyokaguliwa hugeuka urithi. Lakini pia ukaguzi ukifanywa kwa kuangalia nani yuko upande gani, hugeuka fimbo. Yote mawili ni ya kuchunga.

7/
Sasa takwimu ambayo hukosekana kwenye mijadala. Utafiti wa Small Arms Survey uliotolewa 2018 ulikadiria silaha zilizo mikononi mwa raia Kenya kuwa karibu 750,000. Zilizosajiliwa? Kama elfu nane hivi. Soma tena. Kwa kila silaha moja yenye karatasi, kuna karibu tisini zisizo nayo. Kwa hivyo mtu akisema "tumalize ujambazi kwa kufuta leseni", anazungumzia ile moja na kuacha hizo tisini.

8/
Hizo tisini hazitoki madukani. Nyingi huvuka mipaka, zingine huvuja kutoka maghala ya vikosi, zingine zimezunguka kwenye wizi wa mifugo miaka na miaka. Ndiyo maana nchi za ukanda huu zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004. Na ndiyo maana Novemba 2016 silaha zaidi ya 5,000 zilichomwa moto hadharani pale Ngong. Hilo ni tatizo la mpaka na la polisi. Kijana anayetaka kutoboa karatasi kwa mita kumi hayumo humo.

9/
Msinielewe vibaya, si kwamba zenye leseni hazina lawama. Tuweke pande zote mbili mezani.
Upande wa kwanza: 21 Septemba 2013, Westgate, kati ya watu wa kwanza kuingia kuokoa wengine walikuwa raia wenye bastola za leseni. Wapo watu wako hai leo kwa sababu hiyo.
Upande wa pili: tumeona bastola za leseni zikitolewa kwenye baa, kwenye ugomvi wa kuegesha gari, kwenye matanga. Wapo watu hawako hai kwa sababu hiyo.
Asiyekubali yote mawili anakuuzia kitu.

10/
Mchezo wa shabaha unakaa wapi hapo? Katikati, na ndiyo maana hausikiki. Kwetu Ukambani kulenga si kitu cha kuja na ndege. Babu zetu walijulikana kwa uta na mshale, na mkoloni aliwachukua wengi kwenye jeshi la KAR. Lakini ukimwambia mtu wa hapa soko la Kangundo kwamba bastola ni mchezo, atakuangalia mara mbili. Kwake bastola ni polisi, jambazi au mheshimiwa.

11/
Basi swali lenyewe. Wote wanne mmeuliza "bastola gani". Mmeruka hatua. Swali la kwanza ni MCHEZO GANI. Bastola ya mashindano huchaguliwa na kitabu cha sheria za mchezo, kama viatu vinavyochaguliwa na uwanja. Huwezi kununua njumu halafu ndio uulize kama mbio ni za barabarani.

12/
Kuna familia mbili kubwa.
(a) Shabaha ya Olimpiki, chini ya shirikisho la dunia la ISSF. Unasimama mahali pamoja, mkono mmoja, unalenga kitu kidogo mno.
(b) Shabaha ya vitendo: IPSC, iliyoanzishwa 1976, na IDPA, iliyoanzishwa 1996. Hapa unatembea, unabadilisha magazini, unajikinga nyuma ya ukuta, na saa inahesabu.
Kenya raia wengi wako kwa (b), hasa IDPA, na chama cha wamiliki wa bunduki, NGAO, kina uwanja wake pale Kirigiti, Kiambu.

13/
Nianze na (a) kwa sababu inadharauliwa. Bastola ya hewa ya mita 10: risasi ndogo ya milimita 4.5, unapiga mara 60 ndani ya dakika 75. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 11.5. Hiyo ni kifungo cha shati, kwa mita kumi, kwa mkono mmoja, mara sitini. Bastola isizidi kilo moja na nusu, na traiga isivutike kwa chini ya gramu 500, yaani uzito wa pakiti ya nusu kilo ya sukari. Hakuna kelele. Ni wewe na pumzi yako.

14/
Kama lengo lako ni kujifunza KULENGA, hakuna mwalimu mzuri kuliko hiyo. Haikurushi mkono, kwa hivyo kosa lako unaliona waziwazi. Risasi zake ni za bei ya chini sana ukilinganisha. Lakini tahadhari: neno "hewa" lisikudanganye ukaagiza mtandaoni kama unavyoagiza simu. Uliza ofisi ya leseni KABLA hujalipa. Kesi za forodha zinaanza hivyo.

15/
Ngazi ya kati ni bastola ya .22. Ndiyo hutumika kwenye shabaha ya mita 25 ya Olimpiki. Inarudi nyuma kidogo tu, risasi yake ni nafuu kuliko ya 9mm, na mwanzilishi hajengi ile tabia mbaya ya kufumba macho kabla ya mlio. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya mwaka. Shida ya .22 ni kwamba IPSC na IDPA hazikuruhusu kuitumia kwenye vitengo vyao vya kawaida vya bastola.

16/
Ndiyo maana wengi huishia 9mm. Kwa IPSC risasi lazima iwe na nguvu ya kutosha: unazidisha uzito wa risasi kwa greni na kasi yake kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Risasi ya 9mm ya greni 124 ikienda futi 1,050 inakupa 130.2. Imepita. Kubwa kuliko hiyo kwa mwanzilishi ni kununua maumivu ya mkono na gharama. Ukitaka jibu fupi la kaliba: 9mm, basi.

17/
Sasa mkono wako. Hapa wanawake na vijana wembamba hudanganywa sana na wauzaji. Shika bastola (tupu, imekaguliwa mara mbili) ili mtutu uwe mstari mmoja na mkono wako hadi kiwiko. Kidole cha shahada kifike kwenye traiga kwa ile nyama ya ncha bila kupindisha mkono. Kama lazima uzungushe mshiko ndio ufike, hiyo si yako. Haijalishi ni nzuri kiasi gani, haijalishi nani anayo.

18/
Uzito. Glock 17 bila magazini ni kama gramu 630. CZ Shadow 2, ambayo ni chuma kitupu, ni kama gramu 1,330. Zaidi ya mara mbili! Nzito hutulia mkononi ukipiga haraka, ndiyo maana inapendwa sana IPSC. Lakini IDPA ina kikomo cha uzito kwa kila kitengo, na bastola nzito kama hiyo inaweza kukataliwa mezani siku ya mechi. Unaona sasa kwa nini nilisema mchezo kwanza?

19/
Traiga. Ya Glock ya kawaida huvutika kwa karibu kilo mbili na nusu, sawasawa kila mara. Zile za aina ya CZ 75 mvuto wa kwanza huwa mrefu na mzito, inayofuata mepesi. Hakuna mbaya, ila mwanzilishi hujifunza haraka zaidi na kitu kisichobadilika. Na usimpe fundi wa mtaani akulegezee traiga. Kwanza ni hatari, pili unaweza kujitoa kwenye kitengo chako, tatu silaha si mahali pa majaribio ya jua kali.

20/
"Ceska ama Glock?" Hili swali Kenya ni kama kuuliza timu. Ceska ndiyo mmeizoea kwa sababu kila habari ya polisi husema "bastola aina ya Ceska". Ni jina tu tulilowapa za CZ kutoka Czech. Zote mbili ni za kuaminika. Mimi ningeuliza maswali matatu tu: vipuri vinapatikana Nairobi? Magazini za ziada zinapatikana? Kuna mtu klabuni anayeijua vizuri wa kunisaidia? Ile yenye "ndiyo" tatu ndiyo hiyo.

21/
Gharama ambayo hamniulizi: RISASI. Chukua mechi moja ya risasi 100 kwa mwezi na mazoezi mawili ya 100. Hiyo ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Uliza bei ya risasi moja kwa muuzaji mwenye leseni, zidisha, halafu kaa chini. Ongeza sefu, ala ya kiunoni, kinga ya masikio na macho, ada ya klabu, ada ya leseni, na nauli ya Kangundo hadi Kiambu na kurudi. Bastola yenyewe inaweza kuwa ndiyo sehemu ndogo.

22/
Hapo ndipo siasa inarudi. Mchezo ambao gharama yake ni hiyo utabaki wa wenye nacho. Halafu wenye nacho ndio watakaokaa kwenye vikao vya kujadili sheria ya silaha kama "wadau". Kijana wa mkulima wa kahawa hapa Kangundo mwenye jicho kali kuliko wote hatajulikana kamwe. Serikali ya kaunti inajenga viwanja vya mpira. Sijasikia mgombea hata mmoja akitaja renji ya bastola za hewa, na ingekuwa na nafuu na usalama kuliko nyingine yoyote.

23/
Sasa neno zito. Bastola ya mashindano haikai uwanjani ukimaliza. Inarudi na wewe nyumbani, na Kangundo si mahali ambapo siri hukaa. Wiki moja tu kila mtu wa bodaboda anajua. Mwizi anajua. Watoto wa ndugu yako waliokuja likizo wanajua. Kesi ya shamba ikichacha, watu wanajua. Sheria inakutaka uiweke salama WAKATI WOTE, na jukumu ni lako, si la mlinzi wala la mke wako.

24/
Na kuna siku mbaya. Deni, msiba, ndoa kuvunjika. Mtu aliye na huzuni kubwa na bastola ndani ya chumba yuko karibu na jambo lisilorudishwa. Hili hatulisemi kwenye mijadala kwa sababu halimpigii mtu kura. Ukiwa unapita kipindi hicho, ahirisha ombi lako. Kama tayari unayo, zungumza na mtu unayemwamini na upange silaha ihifadhiwe kihalali mbali nawe. Hilo si aibu. Ni ukomavu ambao cheti chenyewe kinadai.

25/
Kwa hivyo mpangilio wangu kwa nyinyi wanne ni huu:
– Tembelea klabu kama mtazamaji, mara mbili.
– Chukua mafunzo kwa silaha ya klabu, chini ya macho ya mwalimu.
– Amua mchezo. Soma kitabu chake.
– Jaribu bastola tatu au nne za watu, kwa ruhusa, palepale uwanjani.
– Omba leseni. Subiri.
– NUNUA MWISHO.
Wengi hutaka kuanza na hiyo ya mwisho.

26/
Na kanuni nne hizi uziweke kichwani kabla ya kugusa chochote. Kila bunduki ichukulie ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kuharibu. Kidole nje ya traiga hadi uwe umelenga. Jua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Klabu ambayo mwalimu wake hacheki na hizi kanuni nne, kaa. Klabu ambayo watu wanapiga picha za kujionyesha na bastola, toka.

27/
Je, sheria ikaze au ilegee? Angalieni Uingereza. Machi 1996 mtu mwenye bastola za leseni aliua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, Scotland. Mwaka uliofuata bastola zilipigwa marufuku kule. Wachezaji wao wa shabaha wakalazimika kwenda kufanya mazoezi nje ya nchi, na ilibidi itolewe ruhusa maalumu kwa ajili ya Olimpiki ya London 2012. Mchezo uliumia, ndiyo. Wengi wao walisema ni bei inayolipika. Na bastola zile zilikuwa za mwanachama wa vilabu. Mtu wa mchezo asikwepe hilo.

28/
Msimamo wangu, maana mtaniuliza. Nisingefunga mchezo. Ningetenganisha leseni ya mchezo na ya kujilinda: silaha ya mchezo iandikwe klabu, ilale kwenye ghala la klabu lenye ukaguzi, itoke kwa mechi tu. Kijana wa Kangundo angepata mchezo bila kubeba hatari hadi kitandani. Ubaya wake naujua: ghala moja lenye bastola nyingi ni kivutio kwa majambazi, na ulinzi wake ni pesa. Anayepinga aje na hesabu, tuongee.

29/
Mgombea akija kwenu na hoja ya bunduki, muulize haya manne. Unazungumzia zilizosajiliwa au zisizosajiliwa? Mpaka na maghala utafanya nini? Ukaguzi wa leseni utawagusa wenzako pia? Na wale wanaotaka mchezo tu, utawaweka wapi? Akijibu mawili vizuri, huyo amesoma. Akijibu kwa kuinua sauti, mnajua.

30/
Ni hayo. Wanne wangu, msinunue chochote mwezi huu. Nendeni mkatazame mechi kwanza, mkirudi mniambie ni mchezo upi umewashika moyo. Wengine, maswali hapo chini, matusi hapana. Uzi ujao ni ule mlioomba: pesa za basari za wadi, nani hupata na kwa nini jina lako hukosekana kwenye orodha. Mwenye rafiki anayebishana kuhusu bunduki kila Jumamosi pale Tala, mtumie huu.